Msokoto wa Kushoto

Nilimpigia simu msimamizi kabla sijaifungua hita. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana mengine yote naweza kuyatafutia kisingizio, lakini hili halina.

Msimamizi huyo anaangalia jengo jipya la nyumba sitini, na kila nyumba ina hita yake ya maji ya gesi. Alikuwa anatafuta fundi wa kudumu. Mimi nilikataa kazi ile kwa sababu siwezi kuamrishwa, nikampa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nilimfundisha mwenyewe miaka minne, hadi akajitegemea. Ni mtu wa maneno machache, mikono yake mitulivu, na hajawahi kuacha skrubu hata moja sakafuni kwa mteja. Alikuwa aanze Jumatatu. Tayari alikuwa amekwisha kulipia chumba karibu na jengo lile, na mchumba wake alikuwa amepima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Jumapili, siku nane kabla ya hiyo Jumatatu, asubuhi, mama mkwe wangu aliingia kuoga, akakawia. Jirani aliyekuja kuazima pasi alisikia maji yanamwagika bila kukoma. Aligonga, akaita, mwishowe akausukuma mlango kwa bega. Alimkuta mama ameketi sakafuni, macho wazi lakini hamtambui mtu. Hospitali walimwekea kifaa cha hewa puani kutwa nzima, wakatuambia amevuta hewa ya sumu, ile inayotoka kwenye moto unaowaka vibaya, isiyo na rangi wala harufu. Jirani angechelewa robo saa, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Wiki tatu nzima mama alikuwa akilalamika kichwa kinamgonga. Sisi wanawe tukamnunulia miwani.

Pale kwenye ukumbi wa hospitali mke wangu aliuliza, "Nani aliyeshika hita ya mama mara ya mwisho?"

Swali lenyewe lilikuwa na jibu ndani. Miezi minne nyuma shemeji aliisafisha hita ile, akatoa masizi na magamba ya chokaa. Mimi sikuiona kwa macho, lakini mdomo wangu haungojagi macho. Nikasema, "Kazi za nusunusu hizi. Mtu akishajiona fundi haangalii tena." Mke wangu akaanza kulia. Nami, ili nionekane mwanamume anayechukua hatua, nikatoa simu.

"Yule kijana niliyekuletea usimpokee," nilimwambia msimamizi. "Kazi yake imetaka kuua mtu."

"Umehakikisha?"

"Mimi? Miaka ishirini na miwili nashika hita, leo unaniuliza kama nimehakikisha?"

Shemeji alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, kashika ndala za mama ndani ya mfuko wa plastiki. Alisikia kila neno, maana mimi nikiongea kwenye simu hata walio mtaa wa pili husikia. Hakusema kitu. Nikajiambia, umeona? Mwenye hatia hana mdomo.

Jumatano mama alirudi nyumbani. Hita ilikuwa imefungwa gesi tangu Jumapili, nami ndiye niliyepewa heshima ya kuifungua, fundi mkuu wa familia. Nilifika na begi langu la vyombo na hasira zangu zote. Mama alikuwa sebuleni, kajifunika shuka miguuni. Mke wangu alikuwa anamchemshia maji ya kuoga kwenye sufuria. Shemeji alikuja pia, akasimama karibu na mlango kama mgeni, katika nyumba aliyozaliwa.

Hita yenyewe imetundikwa kwenye ujia mwembamba kati ya jiko na bafu. Nikatoa kifuniko. Ndani kulikuwa na masizi meusi yaliyoshikana hadi kwenye mapezi ya shaba, yale mabati membamba yanayopasha maji, na masizi hayo hayakuwa ya miezi minne ya kawaida. Moto ulikuwa unakosa pumzi. Nikafungua dirisha na mlango wa nyuma, nikawasha. Mwali ukatoka wa manjano, mrefu, unayumba. Mwali mzuri wa gesi ni wa buluu na mfupi. Nikawasha njiti ya kiberiti, nikaipuliza, nikaupeleka moshi wake kwenye mdomo wa bomba linalotoa hewa chafu juu ya paa. Moshi ule badala ya kuvutwa juu ulinigeukia usoni. Bomba limeziba. Nikazima haraka.

Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Kwenye mdomo wa bomba hilo hukaa kidude kidogo, mduara wake kama kifungo cha koti, ambacho sisi mafundi tunakiita mlinzi. Hewa chafu ikirudi chini, mlinzi hupata moto na kukata gesi yote, hita inazimika. Bomba likiziba, mtu ataoga maji baridi na kulaani, lakini hatakufa. Kwa nini basi mlinzi hakukata?

Nikamulika tochi. Nyaya mbili za mlinzi zilikuwa zimechomolewa, zimeungwa zenyewe kwa zenyewe. Mtu alikuwa amempitia pembeni. Mlinzi alikuwa bado pale pale, amekaa tu, hana anachokilinda.

"Njooni!" nilipiga kelele. "Njooni nyote muone! Huyu aliyefanya hivi hafai hata kubadilisha balbu. Huyu ni muuaji aliyebeba bisibisi!"

Wakaja. Mke wangu mbele, mama nyuma anajishikilia ukutani, shemeji wa mwisho. Nikasogeza tochi karibu ili kila mtu auone vizuri ule muungo, na mimi nikauona vizuri.

Mimi ni mtu wa mashoto. Ninaposokota nyaya mbili, msokoto wangu unakwenda kinyume na wa watu wengine, kisha nakunja ncha na kuirudisha chini yake. Wanafunzi wangu wote wamewahi kujaribu kuniiga wakashindwa. Ule ulikuwa msokoto wangu. Hata utepe mweusi ulikuwa umekatwa kwa meno, na mimi ndiye ninayekata utepe kwa meno.

Nikakumbuka yote kwa mara moja. Miaka miwili iliyopita, siku ya harusi ya binamu yake mke wangu. Nyumba hii ya mama imejaa wageni, mashangazi wamepanga foleni na taulo mabegani, na hita inazimika kila baada ya dakika kumi. Nilijua maana yake, maana hata mwanafunzi wa wiki moja anajua: upepo unarudisha hewa chini, panda juu ya paa uangalie kofia ya bomba. Lakini nilikuwa nimevaa suruali mpya, gari linapiga honi nje, na shangazi mmoja anaimba, "Fundi gani huyu, kwa mkwewe kuna maji ya barafu!" Nikampitia mlinzi pembeni. Nikasema, nitarudi keshokutwa nipande. Wageni wakaoga, wakanisifu. Keshokutwa ikapita, na nyingine baada yake, na mimi nikasahau kabisa, kama mtu anavyosahau deni la ndugu.

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimewaita watu waje kulitazama langu kwa tochi.

Sasa nisikilizeni nilichofanya, maana ndicho kinachoniamsha usingizini. Nilichukua koleo, nikaukata ule muungo, nikautia mfukoni. Nikanyamaza.

Mke wangu akamgeukia ndugu yake. "Umeona? Umeona ulichomfanyia mama?"

Shemeji akatazama mfuko wangu. Halafu akatazama chini.

Mama akasema taratibu, bila hasira, "Mwanangu, mimi sikulaani. Lakini humu ndani usishike tena kitu."

"Sawa, mama," akasema.

Nikaenda jikoni kunawa mikono. Nilisimama pale kwenye sinki, maji yanatiririka, nikijipa hesabu za kijinga. Yeye bado kijana, atapata kazi nyingine. Mimi nina jina la miaka ishirini na miwili, wateja wangu wote wananijua kwa jina hilo, na mke wangu ananitazama kwa jina hilo hilo. Mama amepona. Hakuna aliyekufa. Waya uko mfukoni, na mfuko hauna mdomo. Nilisugua mikono hadi vidole vikauma. Kwenye sufuria jikoni maji ya mama ya kuoga yalikuwa yameanza kuchemka, na mimi nikafikiria yule mwanamke ameketi sakafuni macho wazi, hatutambui, na bado ameamka kuja kumfukuza mtoto wake kwa ajili yangu. Niliona aibu hata ya kufunga bomba la maji.

Nikarudi sebuleni, nikautoa ule waya, nikauweka juu ya meza mbele ya mama.

"Ni wangu," nikasema.

"Wa nini, baba?" Mama huniita baba.

"Huu ndio uliotaka kukuua. Niliufunga mimi. Siku ile ya harusi. Shemeji hana kosa, kosa ni langu, na hapo kwenye ujia nimeuficha mkiniona."

Nilitamani mama anitukane, anirushie hata kikombe, ningepata pa kushika. Badala yake aliuokota ule waya, akaugeuzageuza vidoleni, akauliza, "Kitu kidogo hivi?" Halafu akamtazama mwanawe, na uso wake ukabadilika. "Na mimi nimemwambia mtoto wangu maneno yale."

Mke wangu hakunitazama. Hadi leo kuna namna fulani aliyokuwa akinitazama ambayo haijarudi, wala siidai.

Nikampigia simu msimamizi palepale, nikaweka sauti ya nje, wote wasikie. Nikamweleza.

"Kwa hiyo hukuwa umehakikisha," akasema.

"Sikuwa nimehakikisha."

"Basi kijana aje Jumatatu kama tulivyopanga. Na wewe, mzee, usinipendekezee mtu tena, wala usinikataze mtu."

"Sawa," nikasema. Nilitaka kuongeza samahani, lakini alishakata.

Bomba bado lilikuwa limeziba. Nikatoa ngazi uani, nikaisimamisha ukutani. Shemeji akaja bila kuitwa, akaishika. Nikapanda, naye akanifuata. Kofia ya bomba ilikuwa imeanguka zamani, imelala kwenye kona ya paa na kutu yake, na ndani ya bomba ndege walikuwa wamejenga kiota, majani makavu na nyuzi za magunia, kimeshindiliwa hasa. Nikaanza kukitoa kwa mkono. Yeye akashika mfuko, natoa, anapokea.

Mwishowe nikamwuliza, "Ulipoisafisha hita, uliuona ule waya?"

"Niliuona."

"Ulijua ni wangu?"

"Msokoto wako naujua."

"Na hukusema kitu! Kule hospitali nilipokuwa napayuka, hukusema. Leo nimeutia mfukoni unaniona, hukusema."

"Ningesema nini? Na mimi niliuona nikauacha." Alifunga mdomo wa mfuko, akaufungua tena. "Nilidhani mwalimu akifanya kitu ana sababu yake. Labda ni mpango mpya, labda mlinzi ni mbovu na unangoja mwingine. Nilishatoa simu nikupigie. Namba yako ilikuwa tayari kwenye kioo."

"Mbona hukupiga?"

Chini uani mke wangu alikuwa akifagia, na alijua fika kwamba hapakuwa na cha kufagia.

"Niliogopa utanitukana," akasema. "Kila nikikuuliza unanitukana. Unakumbuka yule mteja wa ghorofa ya tatu? Nilikuuliza tu kwa nini umebana vali kabla ya kupima kwa povu la sabuni kama gesi inavuja, ukaniita punda mbele ya watoto wake. Nikaona nisiulize. Nikarudisha simu mfukoni, nikafunga kifuniko."

Sikumbuki yule mteja. Hilo ndilo lililonimaliza. Siku ambayo yeye ameibeba miaka yote hiyo, kwangu ilikuwa Jumanne tu. Nilikaa juu ya mabati yale ya moto, mikono imejaa uchafu wa ndege, sina hata pa kufutia uso.

"Niulize sasa," nikamwambia. "Niulize chochote. Niulize waya ule ulikuwa wa nini."

Alitikisa kichwa, bila ukali wowote.

"Haina haja, shemeji. Jibu nililiona mama alipokuwa anabebwa."

Hadi siku hiyo, kwa miaka minne, aliniita mwalimu, hata mbele ya dada yake, hata kwenye sherehe. Akanipa brashi ndefu ya kusugulia bomba, nikaipokea, nikainama kusugua. Alikaa pembeni yangu akimulika tochi ndani ya bomba, na kila niliporuka sehemu alinionyesha kwa kidole, nami nikarudia.