Neno la Mpagazi Kisimani

Bi Mwantumu alikuwa mjane wa mwalimu wa chuo huko Mtawanya. Mumewe alipofariki, chuo akakishika yeye. Aliwasomesha watoto Kurani, na watu wazima wenye maswali ya dini walimwendea. Hakuwa mtu wa kubabaika.

Vita vya Maji Maji vilipopamba moto, jeshi la Wadachi likapiga kambi karibu na kisima cha kijiji. Asubuhi moja alipokwenda kuteka maji alimkuta mpagazi wa jeshi hilo kafungwa mikono, na shaushi wa askari, Msudani mtu mzima, kamsimamia na kiboko. Akaambiwa kwamba mpagazi huyo, Yakobo, Mbondei aliyesoma misheni, kasikika akiyasemea maji neno lisilojulikana. Siku zile, habari za dawa ya Ngarambe, yale maji ya mganga yaliyosemwa kuwa yanazuia risasi, zikiwa zimetapakaa, jambo kama hilo lilitosha kumnyongesha mtu.

Akauliza ni neno gani. Shaushi akalitamka kwa shida: haleluya.

Bi Mwantumu akatua mtungi, akaomba amhoji. Shaushi akamruhusu, maana naye alikuwa Mwislamu na alijua kumheshimu mwalimu.

Yakobo akaeleza, midomo imemkauka. Alikuwa na kiu tangu jana. Alipoyaona maji alishukuru tu. Neno lenyewe ni la Kiebrania, lugha ya Mayahudi wa kale: "halelu" ni msifuni, na "Ya" ni jina la Mungu kwa kifupi. Limo katika Zaburi.

"Zaburi ya nani?"

"Ya Daudi, mama."

Bi Mwantumu akamgeukia shaushi. "Nabii Daudi unamjua, nami namjua. Mganga huficha maana ya maneno yake. Huyu kaeleza yote mpaka asili. Wewe ukinywa maji husemi Alhamdulillahi? Basi na yeye kasema la kwao. Ukimwua kwa hilo, mbele ya Mola utajibu nini?"

Shaushi akaikata kamba kwa mkono wake. Bi Mwantumu akateka maji, akampa Yakobo anywe.

Alasiri, chuoni, Thuwaiba, mkubwa wa wanafunzi, aliyekwisha sikia habari za kisimani, akamwuliza na Alhamdulillahi maana yake nini. Bi Mwantumu akaona haya kidogo: miaka yote aliwakaririsha bila kuwafasiria. Akaufunga msahafu.

"Leo hatusomi mbele," akasema. "Alhamdu, ni sifa zote. Lillahi, ni za Mwenyezi Mungu. Haya, semeni mkijua mnachosema."