Ukuta wa Chumba cha Cherehani

Nisikufiche, mimi subira sina. Nilipomwona mama anavaa viatu vyake vya kutokea kabla sijamaliza hata kujifunga kilemba, nilijua ameshakata shauri.

Barabara inapanuliwa, mtaa wetu wote unabomolewa. Tangazo lilisema wenyeji wa asili watapewa viwanja kwingine. Waliokuja baadaye, siku thelathini wawe wamehama. Kila familia ilete shahidi aliyepita miaka sabini. Shahidi wetu ni mama. Sasa fundi viatu wa jirani naye akamwomba mama huyohuyo!

Fundi huyo tunamwita Mgeni. Jina nilimpa mimi miaka ishirini iliyopita, aliporudi kutoka huko alikokulia na lafudhi yake ile ya kuvuta maneno. "Mgeni, umeamkaje?" Anacheka tu. Mtaa mzima ukalidaka.

"Mama, sema yetu tu," nilimwambia njiani. "Ya Mgeni wewe huyajui."

"Nayajua kuliko yetu."

"Basi yasahau! Leo tu!"

Akaongeza mwendo.

Ofisini afisa ardhi alikuwa ametandaza ramani ya mtaa mezani. Mgeni amekaa ukingoni mwa benchi, kofia mkononi. Sikumsalimia.

"Bibi," afisa akaanza na sisi, "familia yako iko hapa tangu lini?"

"Tangu baba yangu alipofika, mwanangu. Na godoro kichwani."

"Alifika?" Kalamu ikasimama.

"Alifika, akamkuta babu wa huyu." Akamwonyesha Mgeni. "Ndiye aliyetupa pa kujenga. Alikuwa anachechemea, mguu wa kushoto. Alitupimia kiwanja kwa hatua zake, na kila hatua anavutwa upande."

Jamani, mama!

"Maneno matupu siwezi kuyaandika, bibi. Nani mwingine anajua?"

"Muulize binti yangu. Nyumba ile anaijua kwa futi kamba."

Mimi ni fundi cherehani. Tangu nianze kazi naulaani ukuta wa chumba changu. Meza ya kukatia haikai kwenye kona hata uifanyeje. Pini zinadondokea kwenye mwanya, mkasi pia, siku moja kola nzima ya bwana harusi. Wateja nawaambia babu yangu alijenga amelewa. Mama nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Afisa aliinamia ramani. "Kweli, hapa mstari wa kiwanja chenu umekwenda upogo. Nilidhani mpimaji wetu alikosea. Huko nyumbani ukuta ukoje, dada?"

Jibu alishanipa mwenyewe. Niseme mpimaji alikosea, basi, natoka pale na kiwanja. Niliwaza cherehani zangu tatu, nikawaza kitanda cha mama tutakipeleka wapi. Nilimtazama anikonyeze walau kidogo. Wapi! Alikuwa anatazama ile kofia ya Mgeni, inavyozungushwa na vile vidole vyenye gundi.

"Umepinda," nikasema. "Ukisogeza meza, mwanya unabaki shubiri nzima."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akachukua karatasi yetu ya maombi, akaikata kwa mstari, akaniambia siku thelathini zinaanza kesho. Nililia palepale mbele yake, wala sioni haya kukwambia. Mama alinishika mkono tukatoka.

Mgeni alitukimbilia hadi getini, karatasi yake yenye muhuri imekunjwa ndani ya kofia. Alimwamkia mama kwanza, ndipo akanigeukia mimi.

"Dada, hicho kiwanja watakachonipa ni kikubwa kwa mtu mmoja. Njooni mjenge. Nitawapimia mimi. Miguu yangu mizima, safari hii meza yako itaingia konani."

Nilitaka kumshukuru. Nikafungua mdomo nimwite kwanza, na jina pekee nililokuwa nalo ni lile nililompa mimi. Nikalimeza. Yeye akasimama pale anangoja nijibu.