Mlango wa Upande Mmoja

Paulina alikuwa akipima diodi za chaja kwenye kibanda chake cha ufundi pale Nkuhungu ndipo akajua kwa nini mumewe harudi. Waya mwekundu huku, mweusi kule, mita inasoma. Geuza, haisomi kitu. Hiyo ni diodi nzima: umeme unapita kwenda, kurudi hapana.

Batholomeo aliingia ofisi moja mjini kuulizia nguzo za umeme za mtaa wao, akabaki humo. Waliokwama humo walikuwa wengi. Kupitia kioo cha dirisha Paulina alimwona akicheza bao, amenenepa kidogo. Chakula aliingiziwa kila mchana; hotpoti hazikutoka. Hayo yangevumilika, lakini Jumamosi ilikuwa sendofu ya binti yao Jenifa, na binti hakabidhiwi na picha ya baba. Paulina aliumia kweli.

Akaibeba mita yake hadi pale mlangoni. Ncha nyekundu nje, nyeusi ndani: ikasoma. Akageuza: kimya. Ili kuwa na hakika akatoa shikamoo. Iliingia vizuri, marahaba haikutoka.

"Mlango ni mzima, hauna ubovu wowote," alimwambia Alnoor, muuza vipuri aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sendofu.

"Sasa tunafanyaje, mama Jenifa?"

"Tuombe Mungu uwe zena."

Alnoor alizijua, aliziuza. Zena ni diodi inayozuia umeme wa kurudi kama zile nyingine, ila ukiusukuma kupita kiwango chake huachia ule uliozidi, na wala haiungui.

"Kusukuma niachieni mimi," Alnoor akasema, akijipigapiga kitambi.

Kamati nzima ikaingia na ngoma zake. Hakuna aliyemdanganya mlinzi, maana kila mmoja alikuwa na ombi lake la muda mrefu. Ofisi ikafurika mpaka maofisa wakapanda juu ya makabati, ambako waliendelea kunywa chai. Alnoor akaingia wa mwisho, ubavuubavu. Mlango ukakoroma, ukamtema Batholomeo pamoja na bibi mmoja wa Mkonze aliyekuwa na shida ya kiwanja, kisha ukatulia. Waliobaki ndani hawakuzidi tena kiwango chake. Alnoor akapunga mkono kiooni, sahani ya pilau mkononi.

Jumamosi Batholomeo alimshika Jenifa mkono mbele ya wakwe, akalia bila aibu, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Bibi wa Mkonze, ambaye hakumjua mtu, alicheza kuliko wote. Paulina alijaa furaha hadi akasahau kula.

Walipokuwa wakicheza, akamnong'oneza mumewe, "Na zile nguzo, walisemaje?"

"Wamesema niende Jumatatu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi na mapema."

Paulina akaitikia kwa kichwa, akamlalia begani. Wakaendelea kucheza mpaka jenereta ya kuazima ikaishiwa mafuta, na wageni wakatafutana viatu gizani.