Kaburi la Mgomba

Mfupa wa mguu ulipojitokeza kwenye udongo, Elinipa aliweka brashi chini. Mfupa ule ulivunjika zamani, ukaunga vibaya, ukapinda kama mpini wa jembe uliochongwa ovyo. Nyumbani kwao Nkoaranga hakuna mtoto asiyeijua hadithi ya mguu huo. Baba wa babu yake alianguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, akabaki anachechemea, na bado Wajerumani wakamsomba na kilema chake kwenda kubeba mawe ya kujengea boma lao mjini. Alimwacha mkewe na mimba. Hakurudi.

Sasa boma hilo, katikati ya Arusha, lilikuwa linakarabatiwa, na Elinipa na wenzake wa mambo ya kale walipewa nafasi ya kuchimba chini ya sakafu kabla zege halijamwagwa. Prosper, msimamizi wa ujenzi, bwana mwenye mdomo usio na breki, kila asubuhi alikuja kuuliza kama wameshapata dhahabu. Siku ile alichungulia shimoni, akavua kofia yake ngumu, akaondoka.

Wakubwa wa Elinipa walikuwa wamesema wazi: ukoo ukidai mifupa, itakwenda kuzikwa nyumbani, usipodai, itawekwa kwenye boksi stoo. Elinipa akampigia baba yake simu.

Mzee Anaeli aliteremka kutoka mlimani kesho yake, amevaa koti la kanisani, kwapani ana kifurushi cha jani la mgomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Yuko wapi?"

Aliutazama ule mguu mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Ni yeye. Ni babu yangu."

"Basi sema unamtaka. Jumamosi tumzike kihambani, kwenye migomba yetu."

Mzee akatikisa kichwa. "Tulishamzika."

Elinipa alilijua kaburi hilo. Wazee walipochoka kungoja walikata mgomba, wakaufunga kwa ngozi, wakauita jina la mtu wao na kuuzika, ili mjane avue msiba.

"Ule ni mgomba, baba! Ulioza hata wewe hujazaliwa!"

"Ulipewa jina lake. Mtu hazikwi mara mbili, mwanangu. Kaburi likirudiwa linadai mtu, na mdogo wako Gadiel yuko wodini anapumulia mashine."

"Na wewe ni mzee wa kanisa!"

"Ndiyo. Na ni baba wa Gadiel."

Elinipa alipandwa na hasira. Alikuwa amefukua babu za watu wengi, na kucheka imani kama hizi alikwisha kucheka sana. Alifungua kinywa amwambie mzee kwamba huo ni ujinga. Akamwona Gadiel akilini, na mipira yake puani, akaogopa kile kile alichokuwa akikicheka.

Mzee alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na majani mawili ya isale. Kwa Wameru, uliyemkosea ukimpa isale, sharti akusamehe. Kulikataa ni laana. Alipiga magoti kwa shida, akalaza jani moja juu ya mbavu za babu yake. "Utusamehe," alisema kwa Kimeru. "Mahali pako tulishampa mwingine."

Kisha akainuka, akamgeukia binti yake, akampa la pili kwa mikono miwili.

Afadhali angempiga kofi. Elinipa alilipokea, akalitia mfukoni, akaenda kutafuta boksi.