Joho Kwenye Ukuta wa Pa

Picha ilibandikwa kwa misumari midogo kwenye duka la Bwana Ludlow, juu ya magunia ya sukari. Ilikuja na gazeti kutoka Uingereza. Ilionyesha ukuta wa pa, ile ngome ya magogo ya wenyeji, umefunikwa majani ya harakeke, magumu kama ya mkonge, ili kumeza risasi, na askari wanaushambulia kwenye moshi mzito. Kilima hakikuonekana wala mto. Mchoraji alijichagulia moshi, basi.

Ngawai hakuwa na haja na askari. Alichokitazama kila alipoleta viazi ni kiraka cheusi chenye manyoya upande wa kulia wa ukuta. Lile lilikuwa joho lake la mvua. Siku ya vita yeye alikuwa kinamasini na wanawake wenzake wakikata harakeke, na majani yalipopunguka akalivua joho akampa kaka yake, Turoa. Turoa akamwambia atalifunga mbele ya shimo lake mwenyewe, limkinge. Ukuta wenyewe Ngawai hakuwahi kuuona, si kwa ndani wala kwa nje. Mzinga ulilibomoa shimo, ngome ikachomwa, mahandaki yakafukiwa, nyasi zikaota. Waliokuwa na Turoa hakurudi hata mmoja.

Sasa ardhi ilikuwa ya mzungu mmoja mkulima, naye alikuwa analeta plau Jumatatu. Ngawai na binamu yake Paratene walikwisha kuchimba upande wa kulia, kama picha ilivyosema, wakiitafuta mifupa ya Turoa, wakakuta wafu wa ukoo mwingine. Ugomvi ulikuwa mkubwa, maana mifupa ya watu haichezewi. Wazee wakawaruhusu wachimbe mara moja tu tena, wakikosa waache. Ngawai alikonda kwa mawazo. Kumwacha Turoa apitiwe na ng'ombe wa plau, hapana, hilo lilimshinda.

Jumamosi walisimama tena mbele ya picha. Paratene, ambaye hata msibani hakosi neno, akacheka kwa pua.

"Dada, hawa ndio waliotupiga? Jeshi zima linatumia mashoto?"

Ngawai akataka kumkemea, kisha akatazama. Kweli bwana, kila bunduki ilikuwa kwenye bega la kushoto, na upanga wa afisa ulining'inia kulia. Akamuuliza Bwana Ludlow kama wazungu hupigana hivyo. Ludlow akasema hasha. Alifikiri kidogo, akaeleza kwamba picha za kuchapwa huchorwa kwanza kwenye jiwe, na fundi asipoangalia, karatasi hutoka imegeuka.

Ngawai hakuomba ruhusa. Aling'oa misumari, akaigeuza karatasi, akaishika dirishani ili mwanga upenye. Askari wote wakawa wa mkono wa kulia, na joho lake likahamia kushoto, mwisho kabisa wa ukuta.

"Mama, hiyo ni picha yangu," Ludlow akalalamika.

"Ni joho langu," akasema Ngawai.

Jumapili, baada ya sala, walichimba kushoto. Paratene hakutania hata kidogo. Jembe liligusa gogo lililooza, na chini yake alikuwepo mtu ameketi, mgongo ukutani, na hereni ya jiwe la kijani ya baba yao imelala begani. Ngawai akapiga magoti shimoni, akalia kwa sauti. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, akamgombeza kaka yake kama zamani alipochelewa kurudi kula.

"Miaka yote hii tunakutafuta kule, nawe umekaa huku kimya. Haya, inuka twende. Mama amengoja mpaka amekufa."

Walimfunga katika joho jipya, wakanawa mikono mtoni, wakampeleka nyumbani. Asubuhi plau lilianzia upande wa kushoto.