Jiwe Lililopikwa

Wavunja mawe wa Malaba wana njia yao, na ukitaka ugomvi nao iguse. Mwamba hawautwangi nyundo tu kama mtu anayeua nyoka. Wanaurundikia kuni, wanaupika mpaka uanze kulia, kisha wanaumwagia maji baridi, nao unapasuka wenyewe. Penye masizi pakibanduliwa kwa patasi, jiwe linabaki jeupe, na fundi wa kujenga kanisa akija kununua hatajua kama limewahi kuonja moto. Odeke alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na ubingwa wake ndio uliomponza.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru alikuja kijana mmoja kutoka Nairobi, Kariuki, mtaalamu wa miamba, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo katika ofisi yao ya serikali. Alitaka mawe ya ndani kabisa ya mwamba wa Odeke, yapelekwe Ulaya yakapimwe umri.

"Umri wa jiwe?" Odeke aliangua kicheko. "Kwani lilibatizwa lini?"

Kariuki naye alicheka, kisha akamweleza. Ndani ya jiwe, alisema, mna kitu jamii ya chumvi ambacho sehemu yake inageuka polepole mno kuwa hewa inayoitwa agoni. Hewa hiyo haina pa kutokea. Inajikusanya humo tangu jiwe lilipopoa, na ukiipima unajua miaka.

"Lakini mzee, moto hapana kabisa. Ukilipasha jiwe moto, agoni inatoroka, na jiwe la mamilioni ya miaka litasema limezaliwa juzi. Nyundo na patasi tu."

"Sawa, boss," Odeke alijibu. Moyoni aliona hayo ni maneno ya watu waliosoma mpaka wakapitiliza. Hewa ndani ya jiwe! Itaingilia wapi?

Asubuhi ya kazi ndiyo Alaso, mke wa Odeke, aliposhikwa na uchungu, na mtoto akakataa kutoka. Mkunga alisema limemshinda. Kariuki hakungoja kuombwa. Alimpakia Alaso na mama yake kwenye Landrova, akaishika barabara ya Busia kwenda hospitali. Odeke alibaki, maana kwao mwanamume hafuati mambo ya uzazi. Alibaki na mwamba wake.

Akawa anajiuliza atamlipa nini kijana wa watu. Alipiga nyundo mpaka viganja vikachubuka, na mwamba ukamtolea vipande vyembamba kama maganda ya yai. La, alisema, huyu akirudi hawezi kukuta mikono mitupu. Akarundika kuni.

Jioni Kariuki alirudi na habari kwamba Alaso amejifungua binti, na wote wawili wazima. Majivu yalikuwa yameshafagiliwa, naye akakuta mawe makubwa yamepangwa, meupe, hayana hata doa. Alishukuru sana. Odeke naye alishukuru. Wakashukuriana wee, mabwege wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemtendea wema.

Miezi ilipita. Mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa Kariuki alipopiga hodi tena, amekonda, macho yamezama.

"Mawe yetu yamesema uwongo, mzee Odeke," alisema. "Umri uliotoka ni kichekesho. Mkubwa wangu yuko kule mwambani, amekuja kupaona kwa macho yake. Anasema sijui kazi. Na mimi hata sijaona kosa langu ni lipi."

Alimshika mtoto shavu, akatoka. Odeke alimweleza mkewe kila kitu, kuanzia kuni mpaka ufagio.

"Na bado umekaa?" Alaso alimaka. "Mtu ametuokoa roho mbili, nawe unamwacha aaibishwe kwa kosa lako? Asante ya punda ni mateke, ndiyo unataka iwe hiyo? Nenda ukaseme!"

Alikwenda mbio. Mzungu, mtu mzima mwenye kofia pana, alikuwa akiugongagonga mwamba kwa nyundo ndogo, na Kariuki amesimama nyuma yake.

"Bwana, kosa ni langu," Odeke alisema huku akihema. "Huyu alinikataza moto, nami nikauwasha. Nililipika jiwe. Yeye hajui lolote."

Alidhani ametua mzigo. Mzungu akamgeukia Kariuki.

"Uliniambia kwa mdomo wako kwamba ulisimama hapa tangu nyundo ya kwanza mpaka ya mwisho. Basi huyu aliwashaje moto mbele yako?"

"Alimpeleka mke wangu hospitali!" Odeke alipaza sauti. "Mke wangu alikuwa anakufa, bwana!"

"Kwa gari la serikali," mzungu alisema. "Mtu akikosea kazi anafundishwa. Lakini siwezi kukaa na mtu anayenidanganya." Akanyoosha mkono, na Kariuki akampa funguo za Landrova.

Odeke alimfuata Kariuki mpaka kwenye gari, asijue aombe radhi kwa lugha gani.

"Nisamehe. Nilitaka kukuokoa."

"Najua, mzee." Kariuki alipanda, akaketi nyuma. "Lakini walikuwa wanihamishie Lodwa tu, kule jangwani. Tulikuwa tumeshakubaliana asubuhi. Sasa sina kazi."

Gari likaondoka. Odeke alirudi nyumbani polepole. Alaso alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, uso umejaa matumaini.

"Umemwokoa?"

Odeke alikaa chini palepale uani, akajifunika uso kwa viganja.

"Nimemfukuzisha kazi," alisema.