Msemaji wa Kwanza

Pale Mfuko wa Utafiti walimwita Mama Kanuni, naye alijua, wala hakuona ubaya. Afisa wa dawati la sayansi ya lugha asiye na kanuni angeliwa mzima mzima. Wataalamu wa lugha wanajuana wote: huyu alimfundisha yule, yule kamwoa dada wa huyu, na wawili walioachana zamani bado wanagombea kamusi moja. Kabla yake, fedha za umma ziligawanywa kishemeji shemeji. Ndipo alipokaa chini akaandika kanuni: mwenye uhusiano na ombi lolote autaje, atoke nje, na neno lake lisihesabiwe, hata kama ni la kweli. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza kwa hasira, maana alichoshwa na maprofesa waliokuwa wakitolewa huku wanahutubia hadi mlangoni.

Mwaka huo liliingia ombi la mtafiti mmoja kijana, binti mchapakazi, aliyetaka kurekodi lugha ndogo kabla haijatoweka. Kwa taratibu za utafiti, wasemaji hawakutajwa kwa majina. Mama Kanuni alikuwa anapitia maelezo yao, kikombe cha chai mkononi: "Msemaji wa Kwanza: mwanamke, mjane, fundi cherehani mstaafu. Kifua kinamsumbua. Ni hodari wa kusimulia, na humkaripia anayemuuliza swali la kijinga."

Chai ikampalia. Huyo alikuwa mama yake mzazi.

Kumbe mtafiti huyo, na kinasa sauti chake, ndiye yule "binti wa mashine" ambaye mama alikuwa akimtaja kwenye simu! Tangu shoga yake wa mtaa wa pili afariki, bibi yule hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha yao ila bintiye, Mama Kanuni, naye mwenyewe aliiongea kwa kubabaisha. Walipigiana kila asubuhi kabla ya kazi. Mama alisimulia mpaka pumzi ikakata, akapumzika, akaendelea. Daktari alikwisha kumvuta Mama Kanuni pembeni akamwambia ajiandae. Kwa hiyo tuseme wazi: hakuna kitu Mama Kanuni aliwahi kukitaka pale kazini kama alivyolitaka ombi hili lipite.

Na lilikuwa na kikwazo kimoja tu. Mtathmini, profesa mkongwe aliyewahi kufanya utafiti maeneo yale enzi za ujana wake, aliandika kwamba lugha hiyo imeshakufa, na hao wanaoitwa wasemaji ni watu wanaokumbuka nyimbo mbili tatu za utotoni. Sentensi moja tu kutoka kwa afisa wa dawati ingetosha kumzima. Mtafiti hakuwa ndugu yake. Hakuna aliyejua lolote. Angeweza kukaa kwenye kiti chake, akakohoa kidogo, akasema ana taarifa za uhakika kwamba wasemaji wapo, mambo yakaisha.

Siku ya kikao walikaa kwenye ukumbi mdogo wenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani, aliuliza kama kawaida, "Kuna mwenye uhusiano na ombi hili?"

Kikao kilichopita Mama Kanuni alikuwa amemtoa nje mwenyekiti huyohuyo kwa sababu ya mkwewe. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Mimi. Msemaji wa Kwanza ni mama yangu."

Watu wakatazamana.

"Yu hai?" mwenyekiti akauliza.

"Yu hai. Leo asubuhi kanigombeza kwa lugha hiyohiyo."

Wakacheka. Mjumbe mmoja, mwanamama wa takwimu, akapiga meza. "Sasa tunabishana nini? Lugha haijafa, tumpe binti wa watu fedha afanye kazi."

Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kanuni. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akavua miwani. "Neno la mwenye uhusiano halihesabiwi, hata kama ni la kweli. Dada yangu, uliyaandika wewe haya."

"Nayajua," akajibu, akakusanya kalamu yake, akatoka.

Kwenye korido alikaa kwenye benchi akasoma maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto, tangu mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa. Sauti zilipanda ndani, zikashuka. Walipomwita, mwenyekiti hakumtazama usoni. Mezani kulibaki tathmini ya profesa peke yake, akasema, na mikono yao ilifungwa. Ombi limekataliwa.

Barua kwa mtafiti ilikuwa kazi yake, kwa hiyo akaiandika. "Kamati haikuridhika kwamba lugha husika bado ina wasemaji." Aliisoma, akaona aibu, akaisaini.

Jioni akampigia mama.

"Binti wa mashine anakuja lini?" mama aliuliza kwa lugha yao, hata salamu hajaitikia. "Nimeshashona na kitambaa cha kuwekea hiyo mashine yake."

"Hawajakubali, mama."

"Wana nini?"

"Wanasema lugha yetu haina wasemaji."

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Binti alisubiri kipite.

"Na wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Sikuruhusiwa kusema."

"Nani kakukataza?"

Binti alihamishia simu sikio la pili. "Mimi mwenyewe, mama."

Mama akasema kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kumwambia akavae sketi upya, maana kaivaa ndani nje. "Haya, kesho ukifika kazini ujiruhusu."

"Sawa, mama."

Kwamba kamati haikai tena mpaka mwakani, hilo hakulisema.